Mama mkwe hayumo kwenye swali

Mgonjwa wa kwenye vitabu vya maswali ni mstaarabu kupita kiasi. Anajua maumivu yalianza siku gani, saa ngapi, na yalihamia wapi. Dalili anazitaja kwa mpangilio, haoni aibu, hana haraka ya kuwahi basi la Pangani, wala hakusindikizwa na shangazi. Mistari sita tu: mwanamke wa miaka 24, hedhi ya mwisho wiki saba zilizopita, maumivu chini ya kitovu upande wa kulia, alizimia asubuhi, mapigo ya moyo 118 kwa dakika, presha 90 kwa 60. Ugonjwa ni upi, chagua A hadi E. Mpangaji wangu wa chumba cha uani anajibu kabla hajafika kwenye D, anapata, anashangilia. Mie sishangilii naye.

Kwa msionijua: nilikuwa tabibu, baadaye daktari msaidizi, nikazunguka wilaya za mkoa huu wa Tanga mpaka nilipostaafu. Nyumba yangu iko Chumbageni, na kwa kuwa Bombo, hospitali ya mkoa, si mbali, vyumba vya uani hupangwa na wanafunzi wa fani za afya. Wananiita Mama, wengine Bibi Daktari wakiwa na shida ya kodi. Jioni ambazo hawana zamu wodini, wakishasali magharibi, tunakaa barazani tunafanya visa vya wagonjwa. Chai ya tangawizi ni yangu, bajia ni zao.

Sasa turudi kwa yule binti. Swali lake lina kasoro moja kubwa: kazi imeshafanywa. Aliyelitunga ameketi na mgonjwa (au na mgonjwa wa kichwani mwake), akasikia maneno mengi, akayachuja, akabakiza mistari sita iliyo na maana. Kujua kipi kina maana na kipi ni cha kupitia tu ndiyo sehemu ngumu ya udaktari, na mwanafunzi amevushwa hapo amebebwa mgongoni. Kilichobaki ni kukumbuka jina la ugonjwa. Kukumbuka ni kuzuri, lakini tusikuite utambuzi.

Kwa hiyo kisa hicho hicho barazani kwangu tunakicheza. Nakalia kiti cha mgonjwa, nashusha mtandio hadi kwenye nyusi, nainamisha uso. Jirani yangu, ambaye udaktari hakuusoma lakini maigizo Mungu kamjalia, anakaa pembeni. Yeye ndiye mama mkwe.

"Shikamoo mama," anaanza kijana wa Lushoto, zamu yake ya kuwa daktari.

"Marahaba baba. Nimekuletea mkwe wangu. Ana yutiai."

"Pole dada. Unasumbuliwa na nini?"

"Tumbo linamuuma tangu juzi," anasema mama mkwe. "Na mkojo unamchoma. Muandikie zile za rangi mbili, mwezi uliopita zilimsaidia."

"Mkojo unakuchoma, dada?"

Napandisha bega moja. Si ndiyo, si hapana.

"Homa je?"

"Anayo," anasema mama mkwe.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kalamu inashuka kwenye karatasi, inaandika maambukizi ya njia ya mkojo, na anayejiona makini anaongeza kipimo cha mkojo. Mmoja mwenye ujasiri anauliza habari za hedhi palepale, mbele ya mama mkwe, na jirani yangu anamkata kilimi: "Hana mimba huyu. Angekuwa nayo si tungejua?" Mie natikisa kichwa kukubaliana naye. Binti gani wa kwetu atabishana na mama mkwe mbele ya daktari kijana asiyemjua?

Aliyekifungua kisa hicho ni binti wa Pemba, mpole, ambaye kwenye maswali ya A hadi E huwa wa katikati tu. Alimgeukia mama mkwe akasema, "Mama yangu, naomba unisubiri hapo nje kidogo nimpime mgonjwa. Nikimaliza nitakuita tuzungumze." Jirani alinuna kwa ufundi wote, akatoka. Kisha yule binti hakukimbilia kuuliza. Alisogeza kiti, akauliza tumbo limeanzaje, akanyamaza. Aliponyamaza nikalazimika kusema.

Nikamwambia mwezi uliopita damu ilitoka kidogo sana, madoa tu, nikahesabu kuwa ndiyo hedhi. Akauliza iliyotangulia hiyo ilikuwaje. Akauliza kama nimewahi kuanguka. Nikasema asubuhi nikiwa nafua kulinijia giza. Akauliza, "Na pengine panapouma, hata kama unaona hakuhusiani?" Ndipo nikatoa kile nilichokificha hadi mwisho: bega la kulia, nilidhani nimelala vibaya.

Bega hilo ni zawadi. Damu ikivuja ndani ya tumbo ikafika juu kwenye kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, inausumbua mshipa wa fahamu wa hapo, ambao mizizi yake shingoni ni jirani na ya ngozi ya bega. Ubongo unasoma bega. Mimba imetunga nje ya kizazi, mrija umepasuka, binti anavuja damu kwa ndani huku ameshikilia cheti cha dawa za yutiai. Kipimo cha mimba cha mkojo, mishipa miwili ya dripu, damu ya kuongezewa iandaliwe, na chumba cha upasuaji kiarifiwe sasa hivi.

Ule mstari wa kitabuni, "hedhi ya mwisho wiki saba zilizopita", mwone sasa ulivyopatikana. Umetafutwa kwa adabu, kwa kumtoa mtu nje bila kumvunjia heshima, kwa kunyamaza. Kitabu kimeugawa bure. Kijana wa Lushoto alinilalamikia kuwa mtihani hauna mama mkwe. Nikamwambia wodi inaye.

Na hata huo mtihani, si kweli sana. Mtihani wa oski, ule wa kuzunguka vituo kwa kengele, ulianzishwa na Ronald Harden kule Dundee, Uingereza, ukaandikwa jaridani mwaka 1975, na vituo vyake vingine vina watu wanaoigiza wagonjwa. Kwa hiyo mchezo wetu una wazee wake. Mie nimeongeza mama mkwe na bajia.

Sheria za baraza ni chache ila zinauma. Kila mmoja anapewa punje kumi za maharage kwa jioni nzima, hata tukifanya visa vitatu. Kuzungumza na mgonjwa ni bure. Kumgusa, kumsikiliza kifua, kumbonyeza tumbo, bure. Kipimo cha malaria punje moja, cha mkojo moja, picha nzima ya damu mbili, altrasaundi nne. Kabla ya kutoa punje yoyote unaandika kwa kalamu ya wino magonjwa matatu unayoyashuku, la kwanza liwe lile unaloamini zaidi, na mojawapo kati ya matatu liwe lile litakaloua mtu usiku huu usipolifikiria. Halafu unasema kwa sauti: kipimo hiki kikiwa chanya nitafanya nini, kikiwa hasi nitafanya nini. Kama utafanya jambo lilelile, rudisha punje yako kwenye bakuli.

Kuacha maongezi bure na kutoza vipimo si ubahili wa kizee. Mwaka huohuo wa 1975, daktari John Hampton na wenzake huko Nottingham walifuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki. Kwa 66 kati yao, maelezo ya mgonjwa peke yake yalikuwa yameshaufikia ugonjwa uliokuja kuthibitishwa mwishoni. Kumpima mgonjwa kwa mikono na macho kulibadili mambo kwa saba, maabara kwa wengine saba. Ni Uingereza, ni kliniki ya kawaida na si chumba cha dharura, wala siwaambii waache maabara. Nawaambia walipe.

Malaria ndiyo inayomaliza maharage yao, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Kisa: mtoto wa miaka mitatu kutoka Muheza, degedege tangu alfajiri, moto kama jiko. Punje moja inatoka, kipimo cha haraka kinasoma chanya, nyuso zinachangamka, sindano ya atesuneti inatajwa. Nawaacha wafurahi kidogo. Kisha nauliza nani amemuuliza mama mtoto kama alishatibiwa malaria hivi karibuni. Alitibiwa, wiki mbili zilizopita, akamaliza dozi. Vipimo vya haraka tunavyovitumia sana hunusa protini ya kimelea, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa vimelea vikiwa vimeshakufa. Kwa hiyo chanya ile inaweza kuwa ya malaria ya juzi. Nani amekunja shingo ya mtoto? Imekaza. Nani amepima sukari? Mtoto wa degedege hapimwi malaria tu akaachwa. Sukari ikiwa imeshuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita ubongo unaharibika wakati nyie mnaandika. Sindano ya malaria mpeni, sawa, lakini na homa ya uti wa mgongo mtibuni, na sukari mpandisheni.

Wengine hudhani nawatungia mitego isiyokuwepo. Basi tazama utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi hii, yaani kwetu na majirani zetu, ukachapishwa mwaka 2004. Wagonjwa 4,474 waliolazwa na kuandikiwa malaria kali walichukuliwa damu ikaangaliwa upya kwa uangalifu. Wenye vimelea walikuwa 2,062, asilimia 46. Zaidi ya nusu walikuwa na kitu kingine, na wapo ambao kingine hicho hakikupata dawa. Siku hizo kipimo cha haraka kilikuwa bado hakijaenea. Sasa kipo, na kimesaidia mno, ila tabia ya kufunga jalada ukishaona mstari wa pili, ule wa chanya, haijatuacha.

Mwanafunzi mwingine, mrefu, mwenye simu nzuri kuliko zote, alipakua programu ya maswali ya Marekani. Maelfu ya maswali, na kila jibu lina maelezo mazuri ajabu. Mie mwenyewe nimejifunza humo habari za figo. Jioni moja alitamba kwamba anautambua ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe wa huko, kwa kusoma nusu ya swali: mtu ametoka kutembea msituni Connecticut, kupe, duara jekundu kwenye ngozi. Nikasema vyema sana. Nikampa mgonjwa wangu: utingo wa lori aliyelala siku kadhaa kwenye nyumba ya udongo vijijini Dodoma, homa kali siku nne, ikaisha yenyewe, akashukuru Mungu, baada ya wiki ikarudi vilevile. Kipimo cha malaria hasi. Akatumia punje kwa homa ya matumbo, akatumia kwa mkojo, akabaki anakuna kichwa.

Homa ya papasi. Binamu wa huyohuyo mdudu wa Lyme, wote ni jamii ya Borrelia, ila wa kwetu anabebwa na papasi anayejificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anatoka usiku kunyonya, anarudi. Hauachi duara lolote. Kumwona huyo mdudu wa homa unahitaji tone la damu kwenye kioo na mtu wa kuangalia darubini, na zahanati nyingi darubini imebaki ya kufutwa vumbi tangu vipimo vya haraka vije. Kijana mrefu alikasirika, akasema papasi hayumo kwenye programu. Ndiyo ninachokisema, baba. Maswali hubeba mji wa aliyeyatunga. Usiyaache, lakini jioni moja kaa utunge ya mji wako: ya mkata mkonge, ya mvuvi wa Kigombe, ya mtoto anayeoga mtoni akakojoa damu mwishoni mwa mkojo.

Na kutunga ni zoezi kuliko kujibu. Nawalazimisha watunge, wananichukia siku hiyo. Aliyetunga kisa cha pepopunda alifika na mistari iliyonyooka, "amechomwa na mwiba wa mkonge siku nane zilizopita, taya limekaza". Nikamrudishia. Mkata mkonge huchomwa kila siku, atakumbuka mwiba upi? Huyo atakuja kuomba dawa ya jino, kwa sababu mdomo haufunguki na kila mtu nyumbani kamwambia ni jino la mwisho. Kidonda kitakuwa kimeshapona au kimefichwa na kiatu. Mwanafunzi akakiandika upya, akafikiria mgonjwa angesema nini kwanza, angeficha nini, nani kamleta, na jambo lipi alitaje kwa kupitia tu. Alipokifanyisha wenzake, wawili walimtuma mgonjwa kliniki ya meno. Wa tatu alichukua kijiti cha kukandamizia ulimi, akagusa nyuma ya koo. Mtu wa kawaida angetapika. Mgonjwa wa pepopunda anakiuma kijiti.

Wagonjwa wa kweli hatuwaleti barazani. Nikichukua jambo kutoka kwa mtu niliyemtibu, nabadili umri, kijiji, kazi, wakati mwingine na jinsia, mpaka hata mwanawe akipita hapo asimtambue. Tanga ni ndogo, na baraza lina masikio barabarani.

Kuhusu chimbuko la haya yote, vijana hudhani visa ni jambo la simu. Mwaka 1900 Walter Cannon, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Harvard, alichoshwa na mihadhara. Mwenzake wa chumba kimoja alisoma sheria, na wanasheria walikuwa wanafundishwa kwa kesi halisi, wanabishana hadi usiku. Cannon akaandika makala kupendekeza tiba nayo ifundishwe hivyo, na Richard Cabot akaubeba mtindo huo. Utaona basi: aliyedai visa alikuwa mwanafunzi, tena aliyechoka.

Lipo jambo moja ambalo huwavunja moyo, na huwa nalisema hata hivyo. Arthur Elstein na wenzake huko Michigan walitazama madaktari wakitatua visa, wakachapisha matokeo mwaka 1978. Waligundua kwamba daktari hushuku magonjwa machache mapema sana, tangu dakika za mwanzo, kisha hutafuta ushahidi. Na kwamba kufaulu kisa kimoja hakusemi mengi kuhusu kisa kinachofuata. Kwa hiyo binti wa Pemba aliyeng'amua mimba ya nje anaweza kupotea kabisa kwa mzee wa moyo. Amepotea kweli, wiki iliyofuata, kwa mzee anayekohoa usiku: akamshuku kifua kikuu, akasahau kuuliza analalia mito mingapi, ambalo ndilo swali la moyo. Hakuna kipaji cha jumla kinachoitwa utambuzi ukakipata ukastarehe. Kuna wagonjwa wengi, wa aina nyingi, na kwa kila aina inabidi uwe umeshawaona au umeshachezeshwa kadhaa. Ndiyo maana sipendi visa vya magonjwa ya ajabu ambayo utayaona mara moja katika maisha, hata kama ndivyo vinavyowafurahisha. Nipe nimonia, nipe kifafa cha mimba, nipe kisukari kilichojificha kwenye kidonda kisichopona, nipe kidole tumbo kinachoanzia kitovuni. Kisha virudie kwa sura nyingine, mgonjwa mzee badala ya kijana, mjamzito badala ya asiye mjamzito.

Kisa cha Alhamisi hiki hapa, mje mmekifikiria. Mvuvi wa Kigombe, miaka 58, ameletwa na mjukuu wake wa kike aliyemaliza kidato cha nne, ndiye anayemshikia kadi. Anaingia polepole, anatanguliza salamu ndefu, anakaa upande upande kwenye ukingo wa kiti ingawa kiti ni kipana. Unamuuliza anasumbuliwa na nini. Anasema, "Hakuna kitu mwanangu, nimekuja kupima presha tu." Presha ni 130 kwa 80. Maharage kumi, na tochi ya simu mnaruhusiwa kutumia bure.